Watu Wangu wa Jangwani Hawakuwa na Kiu

"Mdogo wangu, nimesoma. Sasa niambie, asubuhi nani anaenda kuteka maji?"

Hilo tu. Kuna dada mmoja ninayemheshimu sana kwenye mambo ya kuandika, nilimtumia kurasa 34 za watu niliowatunga mwenyewe, watu wa kuhamahama jangwani, nimewaita Wakhelu, nimekesha nao miezi kadhaa, wana miungu watatu, wana kiapo cha mwezi mpevu, wana ngoma ya kuaga wafu, wana bendera ambayo rangi zake nilizijaribu kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Nikawa nasubiri aniambie aisee we ni noma. Anakuja na habari za ndoo.

Nikamjibu haraka haraka, "Wana visima dada."

Akaandika: "Vya nani?"

Sikujibu siku hiyo. Wala wiki hiyo.

## Upanga 61, ndoo sifuri

Unajua lile swali linakuingia kama mchanga kwenye kiatu, unatembea unajifanya hulisikii. Basi ndo hivyo, nilikaa nalo wiki tatu hivi. Siku moja nikafungua faili nikatafuta neno "maji" nione linatokea mara ngapi. Mara nne. Mara mbili nilikua naelezea macho ya binti mmoja, mara moja machozi, na mara moja mto, mto ambao kusema ukweli niliuchora kwa sababu ramani bila mto ilikua inaonekana tupu.

Ndoo, sifuri. Maziwa, sifuri. Kamba mara moja, kafungwa nayo mateka.

Upanga, mara 61.

Yani nilikua nimetunga watu wanaoishi sehemu kavu kuliko zote duniani na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia kiu. Wanapigana, wanaapa, wanapendana kwenye matuta ya mchanga jua likizama, afu wanalala. Kesho yake wanaamka wanapigana tena.

## Kitambaa bila hema

Kitu cha kwanza kuniumbua kilikua kilemba. Wanaume wa Kikhelu wanafunika uso kwa kitambaa cha bluu, na wewe uliyewahi kuona picha za Watuareg wa Sahara ushajua nimekitoa wapi. Sasa kuchukua sio shida yangu, kila anayetunga anachukua. Shida ni kwamba nilichukua nguo nikaacha mwenye nguo.

Ile bluu ni nili, inapigwa kwenye kitambaa kwa rungu mpaka king'ae kama chuma, na mtu akivaa rangi inahamia kwenye ngozi, ndo maana wageni wakawaita watu wa bluu. Na kwa Watuareg wanaojifunika uso ni wanaume, wanawake uso uko wazi. Hilo nililichukua, linapendeza kwenye stori. Nililoliacha ni hema. Kwao hema ni mali ya mwanamke, anakuja nalo kwenye ndoa, na neno lao la hema ndilo hilo hilo linalobeba maana ya ndoa. Ndoa ikivunjika hema linaondoka na mwenyewe. Mwanaume anabaki na kilemba chake na nyota za Mungu.

Kwenye stori yangu chifu alikua anakaa kwenye hema kubwa jekundu "lililosimikwa na watumishi". Watumishi gani? Sijui. Hawakuonekana tena baada ya sentensi hiyo. Wagabra wanaoishi kwenye jangwa la Chalbi kaskazini mwa Kenya na kuvuka hadi Ethiopia, nyumba yao inajengwa na kubomolewa na wanawake, fito zilizokunjwa na mikeka, yote inapanda mgongoni kwa ngamia na jioni inasimama upya sehemu nyingine. Fikiria hiyo kazi. Fikiria ina maana gani kwa mume aliyemuudhi mke wake siku ya kuhama.

Na kingine, kidogo lakini kinachekesha. Niliwavalisha wanawake wa Kikhelu nguo nyeupe "kwa sababu ya joto", nikajiona nina akili. Kumbe mwaka 1980 kuna watafiti walitoa matokeo kwenye jarida la Nature kuhusu majoho meusi ya Mabedui, wale Waarabu wa kuhamahama jangwani, walipima wakakuta joto linalofika kwenye ngozi ni lile lile, uvae jeusi uvae jeupe, ilimradi joho ni pana. Kitambaa cheusi kinameza joto zaidi ndio, ila upepo unaopita kati ya nguo na mwili unalibeba kabla halijafika. Kwa hiyo hata ile sababu moja niliyokua nimeifikiria, nayo haikua sababu.

## Hesabu

Nikaanza upya, na safari hii nikaanza na ndoo.

Ngamia aliyekaa siku nyingi bila maji anaweza kunywa lita 100 na zaidi ndani ya robo saa. Tuseme familia ina ngamia 40. Hizo ni lita 4,000. Ndoo ya ngozi ya lita 10, mara 400 kushuka na mara 400 kupanda, na kisima ni kirefu, na hapo bado hujanywesha mbuzi, hujajaza vyombo vya nyumbani, na nyuma yako kuna familia tatu zimekaa kwenye jua zinakutazama.

Nilipoandika hiyo 400 kwenye karatasi niliinuka nikazunguka chumba.

Maana hapo ndo mila zilipo zote! Nani anaanza? Aliyefika mapema au aliyetoka mbali? Mgeni anapewa foleni? Aliyechimba kisima akifa watoto wake wana haki gani? Nani anashuka chini kabisa, na akiteleza lawama ya nani? Waborana wa kusini mwa Ethiopia wana visima vya kale vinaitwa tula, vimechimbwa ardhini kwa kina, na kuviteka maji watu wanasimama kwa ngazi mmoja juu ya mwenzake, ndoo zinarushwa mkono hadi mkono zikiwa zimejaa, zinarudi tupu, na wanaimba muda wote. Wageni wakaviita visima vinavyoimba, jina zuri, ila wimbo pale uko kazini, ukikosa mapigo umemmwagia mwenzio au umeachia ndoo. Na kuna mtu kabisa ambaye kazi yake ni kupanga zamu, wanamwita abba herega, baba wa zamu. Huyo hana upanga. Lakini jaribu kumvuka uone.

Nilikua na wimbo wa mwezi kwenye kurasa zangu, beti sita, wanauimba wakiwa wamekaa duara wamefumba macho. Niliuchukua nikaushusha kisimani. Beti nne zikafa hapo hapo, zilikua ndefu mno, mtu anayenyanyua kilo 10 hawezi kuimba mstari wa maneno 12. Zilizobaki mbili zikawa tamu kuliko zote sita. Sikutegemea kabisa.

## Ngamia wa baba yuko kwa adui

Sehemu hii ndo ilinivuruga stori nzima, na niliipenda.

Ngamia anabeba mimba miezi 13 hivi, na mara nyingi anazaa mara moja kila miaka miwili. Kwa hiyo kundi linakua pole pole sana, na ukame mmoja mbaya unakurudisha nyuma miaka na miaka. Sasa mtu mwenye akili anafanyaje? Hawaweki wote sehemu moja. Wagabra na jirani zao Warendile wana utaratibu wa kukopeshana ngamia jike, unampa ndugu au rafiki anakaa naye mbali huko kwenye malisho mengine, maziwa anakunywa yeye, lakini yule jike na watoto wake wa kike wanaendelea kuhesabika ni wako. Mvua ikikosa upande huu, una ngamia upande ule. Ukienda kule hawawezi kukufukuza, maana nusu ya wanaochungwa pale ni wako kwa namna fulani, na wewe huna cha kuwafanyia maana ndo waliowaweka hai.

Kwenye stori yangu kulikua na adui. Ananguruma, ana kovu, anachoma hema za watu. Nikajiuliza, baba yake shujaa wangu alikua na ngamia wengi, ni lazima alikopesha. Alimkopesha nani? Nikatazama ramani. Mtu mwenye malisho ya upande wa pili ni mmoja tu.

Aisee.

Yani adui yangu ana jike la marehemu baba yake shujaa, na limeshazaa, na hao watoto wa jike wameshazaa. Huwezi kwenda kumkata kichwa mtu wa hivyo. Utawapata wapi ngamia wako? Nani atakwambia yupi ni yupi? Na yeye naye hawezi kukuua wewe, maana kila mtu atasema kaua ili asilipe.

Halafu kuna damu. Kwenye mila za Waarabu fidia ya mtu aliyeuawa inayotajwa sana ni ngamia 100, na kwa Mabedui halipi muuaji peke yake, ukoo unawajibika naye, ndugu wa vizazi vitano. Mimi kwenye ukurasa wa 12 shujaa wangu aliua watu watatu kabla ya chai. Ngamia 300! Binamu zake wasio na hatia wameshafilisika wote na stori haijafika ukurasa wa 13. Hakuna hata binamu mmoja aliyekuja kumuuliza bwana, umetufanyia nini.

Nikafuta upanga. Sio wote, umebaki mmoja, na hautoki kwenye ala yake.

## Wakageuka walimu

Sasa hapa nilidhani nimemaliza. Nilikua na raha ya ajabu, kila mila ina sababu, kila sababu ina hesabu yake. Nikaandika kurasa 20 kwa siku nne.

Nikazisoma. Zimekufa.

Ilinichukua muda kuelewa kwa nini. Kila mzee wa Kikhelu alikua anaongea hivi: "Mwanangu, sisi tunawanywesha wenye ndama kwanza kwa sababu maziwa ya kesho yanatokana na maji ya leo." Nani anaongea hivyo nyumbani kwake? Mtu aliyezaliwa kwenye mila hakuelezi, anakwambia "toa mguu wako hapo". Ukimuuliza kwa nini anakutazama kama umeuliza kwa nini tuna pua. Nilikua nimewatoa kwenye kuwa picha za kalenda nikawafanya mafundi wa maji. Kote huko hakuna mtu.

Kilichonitoa hapo ni dabela. Kwa Wagabra kuna daraja la wazee linaitwa hivyo, ni wanaume, wana wake, wana watoto na wajukuu, ni watu wa kuheshimiwa kabisa, na wakishafika kwenye daraja hilo wanahesabika kuwa ni wanawake. Ndio wanavyosemwa, ni wanawake. Niliposoma hiyo nikaanza moja kwa moja kutafuta hesabu, labda ni kwa ajili ya hiki, labda inasaidia kile, nikaandika nadharia tatu pembeni. Afu nikaziangalia zile nadharia nikaona zote zinanihusu mimi. Zilikua za mtu asiyevumilia kitu asichokishika mkononi.

Wagabra hao hao miaka yao wanaiita kwa majina ya siku za wiki, mwaka wa Ijumaa, mwaka wa Jumamosi, saba halafu inaanza upya, kwa hiyo mtu akikumbuka ukame wa mwaka wa jina fulani anajua na mwaka mwingine wa jina hilo unakuja. Na mimi nilikua nimeandika "miaka 312 iliyopita". Nani alihesabu?

Na kuna jambo lingine lilikua linanikereketa humu humu. Hawa ninaowachukulia mambo yao wapo. Sasa hivi hivi wapo. Watuareg wametawanyika kwenye nchi kama Mali, Niger, Algeria, Libya na Burkina Faso, kwa mipaka ambayo hawakuichora wao, na ule ukame wa Sahel, ule ukanda wa kusini mwa Sahara, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1960 uliwamalizia mifugo wengi wakaishia pembezoni mwa miji. Wana simu, wana magita. Mimi nakaa kwenye kiti nachukua kilemba, nachukua kisima, naacha mipaka. Sijapata jibu la kunituliza hapo. Nilichofanya ni kuondoa yale maneno ya "wanazurura huru kama upepo", maana hakuna anayezurura, wana njia, wana tarehe, wana jirani mkorofi pale kona ya tatu. Lile neno huru lilikua langu mimi niliyechoka kukaa ndani.

## Vigingi

Basi nikajipa sharti moja. Wakhelu wawe na mila moja ambayo hata mimi niliyewatunga sijui sababu yake.

Wakihama, wanaacha kigingi kimoja ardhini. Hema zote zinang'olewa, mikeka inakunjwa, ngamia wanapiga magoti wanapakiwa huku wanalalamika, na kila familia inaacha kigingi kimoja kimesimama pale hema lilipokua. Ndo hivyo. Bibi mmoja anasema ni cha wafu wajue tulikua hapa. Bibi mwingine anasema upuuzi, ni cha mvua. Hawa wawili hawajaongea vizuri miaka mingi na sio kwa sababu ya kigingi.

Sasa jangwani mti ni mali. Kigingi kizuri cha mti mgumu kinachongwa siku nzima, na kuacha kimoja kila mkihama ni kuacha pesa chini. Na kwenye kila ukoo kuna mjomba mchoyo. Huyu wangu anachelewa makusudi siku ya kuhama, anajifanya anakaza mzigo, watu wakishapotea nyuma ya tuta anarudi anang'oa. Anavificha kwenye mfuko wa chumvi. Sikupanga hilo, nilikua naandika msafara unaondoka, nikamwona mtu kabaki nyuma.

Siku anayobambwa, anayembamba ni mgeni. Mgeni yuko siku yake ya tatu, na Mabedui ndio walionifundisha hii, mgeni ana siku 3, unamlisha, unamlinda, humuulizi kilichomleta. Mke wa mjomba amemkamulia siku zote tatu, jioni, ndama kafungwa pembeni analia, bakuli la mti liko juu ya goti, mguu mmoja kasimamia kama korongo, na anajua maziwa hayatoshi na anamwaga kwanza la mgeni mpaka povu linafika mdomoni mwa bakuli, afu anageuka anawapimia wanawe kidogo kidogo, na hasemi neno. Mgeni anaona. Asubuhi ya kuhama anamwona mwenyeji wake kapiga magoti kwenye mchanga anavuta kigingi kwa mikono miwili, jasho linamtoka, anatazama nyuma. Wanakutana macho.

Mgeni hawezi kumuumbua mtu ambaye maziwa yake ameyanywa. Mjomba hawezi kumgusa mgeni. Jua halijachomoza bado. Kigingi kimetoka nusu.

Nilisimama hapo nikaenda kulala, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi kulala bila kuwafikiria.

Nilimtumia dada ile sehemu, kurasa nane tu, bila miungu, bila bendera. Akakaa kimya siku mbili. Nikaanza kujiandaa, nikafungua faili nikahakiki ndoo zipo, kamba zipo, zamu ipo, nikaandika pembeni majina ya waliochimba kila kisima endapo ataniuliza tena.

Meseji ikaingia usiku.

"Huyu mjomba mpaka sasa ana vigingi vingapi kwenye huo mfuko?"

Nikaanza kuhesabu mihamo yote, nikatoa ule mmoja aliougua na ule mmoja mkewe alibaki naye nyuma.

"Kumi na saba dada."

"Mkewe anajua?"

Nikaandika hapana. Nikafuta. Nikaandika ndio. Nikafuta.